Jinsi ya kulima mtama kama watu wa kale hapa hapa Mombasa, msimu mmoja tu

Kama una kipande cha ardhi uani, hata mita nne kwa tatu, na una watoto wa kuuliza maswali, basi unaweza kuwaonyesha vile binadamu alianza kulima na kukaa mahali pamoja, na waelewe kwa mikono. Mie nimefanya misimu miwili sasa kule kwetu Kisauni na wanangu na wa dadangu, na nimeamua kuandika yote hapa manake nilipokuwa natafuta nilipata tu yale maneno ya vitabuni, ati "binadamu aligundua kilimo" bas, kama vile kuna mtu aliamka asubuhi moja akakiona kilimo mlangoni. Ukishapanda mwenyewe, ukaamia ndege, ukapura, ukasaga kwa jiwe mpaka magoti yakauma, hutayakubali tena maneno hayo.

Vitu vya kutafuta ni vichache. Mtama wa mbegu, kunde kidogo, kijiti kigumu cha kuchimbia kilichochongwa ncha, ungo, gunia safi, kamba ya katani mita nane, na mawe mawili ya kusagia ambayo nitayaeleza mbele kwa sababu hayo ndo yatakusumbua kuyapata. Jembe liache ndani. Utashawishika kulitoa lakini liache.

Anza na kamba, kabla hujagusa udongo. Funga ncha moja kwenye mlango wa jikoni, hapo ndo leo, alafu waambie watoto kila sentimita moja ni miaka 100. Wape vitambaa vya rangi wafunge. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, hio ni sentimita nne na kitu kutoka mlangoni, na wangu walikataa kabisa, kwao wao Fort Jesus ndo kitu kizee kuliko vyote duniani na wameiona hapo hapo karibu na kitasa. Sogea mpaka sentimita 18 hivi, funga kitambaa cha vyungu vya Kwale, vile vilivyochimbuliwa huko Kwale miaka ya 1960, vya wakulima wa mwanzo wa pwani hii waliokuwa na chuma. Sentimita 23 funga kitambaa cha kunde. Hizo ni kunde zilizoungua zikabaki kaa, zilipatikana kwenye jabali la Kakapel kaunti ya Busia, zina miaka kama 2,300 na ndo mazao ya shamba ya zamani zaidi yaliyopatikana Afrika Mashariki mpaka sasa. Sentimita 50 na kitu funga mtama, ule wa mashariki ya Sudan. Sentimita 115 funga ngano na shayiri za upande wa Syria, Uturuki, Jordan na pale pale jirani, huko ndo watu walianza kupanda mapema kiasi hicho.

Sasa hapo watoto watafikiri mmemaliza, na kamba bado iko mkononi, mita baada ya mita. Iacheni ijinyooshe. Mwisho kabisa, mita 7 na sentimita 80, funga kitambaa cheupe. Hapo ni pango la Panga ya Saidi, hapa hapa Kilifi, mwendo mfupi kutoka kwetu, ambapo mtoto wa kama miaka mitatu hivi alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Wanaakiolojia wakampa jina Mtoto, na habari zake zikatangazwa 2021. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa kiliwekewa kitu laini kama mto ambacho kimeoza zamani. Kila nikifika hapo nanyamaza kidogo, na watoto pia wananyamaza. Alafu mwambie mdogo kuliko wote atembee kutoka kwa Mtoto mpaka mlangoni, ahesabu hatua. Karibu njia yote hio hakuna hata mmoja aliyelima, na walikuwa watu kamili, wakilia na kuzika watoto wao kama sisi.

Nawaomba msiruke hio hatua ya kamba hata kama mna haraka. Mengine yote yanasimama juu yake.

Kinachofuata ni kutafuta mtama mwitu. Uko, na watu wengi wanapita wakiuona kama majani tu. Angalia kando ya mashamba, kwenye mitaro, pembezoni mwa barabara, sisi tuliupata ukishapita Mtwapa. Umbo lake ni la mtama lakini suke limetawanyika kama ufagio uliochakaa, na punje ni ndogo, nyeusi nyeusi, zimevaa maganda na vijinywele. Tandika kanga chini, shika suke lililokauka, litikise. Punje zinamwagika zenyewe, saa zingine hata hujatikisa, ukiligusa tu. Sasa chukua suke la mtama wa shambani ulilonunua kwa mkulima, tikisa hivo hivo juu ya kanga nyingine. Tikisa tena. Hakuna kitu, labda punje mbili tatu, mpaka upige na kijiti.

Hapo ndo siri yote ilipo, na mtoto wa miaka sita anaiona. Mmea wa porini unamwaga mbegu zake ili ujipande mwenyewe, kale kaungo kanakoshika punje kanakatika kakikauka. Wa nyumbani kaungo kake hakakatiki, kwa hivo hauwezi kujipanda, unangoja mtu. Ulifikaje hapo? Hebu fikiria mama wa zamani anakata masuke porini anayabeba mpaka nyumbani. Yale yanayomwaga yanamwagika njiani, yanayofika nyumbani ni mengi ya yale yanayoshikilia. Akipanda kutoka kwa alichofika nacho, mwaka unaofuata yanayoshikilia yanaongezeka kidogo, kidogo sana. Hakuwa na mpango wowote wa kubadilisha mmea. Huko Mashariki ya Kati ngano na shayiri zilichukua maelfu ya miaka hivi hivi mpaka zile za kumwaga zikawa chache. Na usipande mtama wako karibu na ule mwitu, manake zinachanganyika, chavua inapeperuka, utajikuta msimu unaofuata una mtama unaomwaga.

Kwenye kununua mbegu sitakaa sana. Nenda Kongowea, tafuta kina mama wanaouza nafaka, uliza mtama mwekundu. Nasema mwekundu kwa sababu una uchungu kidogo kwenye ganda na ndege hawaupendi kama mweupe. Zile mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa, hizo ni za kupanda tu, watoto wasizichezee wala kuzitia mdomoni, na zikibaki usisage. Mtama wa kula wa sokoni mara nyingi unaota, lakini ujaribu kwanza: punje 20 kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kwenye sahani, siku nne fungua uhesabu. Zikiota 15 na zaidi, panda. Chini ya kumi rudi sokoni.

Panda masika. Usipande mvua ya kwanza, ile ya mwisho wa mwezi wa tatu inadanganya, inanyesha siku moja alafu jua wiki mbili na mbegu zinafia chini. Ngoja mpaka ukichomeka kidole chote kwenye udongo kitoke na ubichi mpaka ncha. Kisha mmoja anatoboa na kijiti, mwingine anaweka punje tatu nne, wa nyuma anafukia na mguu, hivo hivo mnaenda kama gari moshi. Kina cha shimo ni sentimita tatu hivi, shimo hadi shimo sentimita 20, mstari hadi mstari 60. Kwa kipande chetu cha mita nne kwa tatu tulipata mashimo kama 100. Baadae ukiona yameota manne mahali pamoja ng'oa ubakishe mmoja, na katikati ya mistari tia kunde. Kunde zinafunika udongo, zinaulisha udongo wenyewe, na wiki chache tu unachuma majani unapika mboga wakati mtama bado mtoto. Kunde asili yake Afrika magharibi, mtama umetoka huko Sudan, na mahindi tunayoita chakula chetu yametoka Meksiko, bonde la mto Balsas, kule yalianza kulimwa kama miaka 9,000 iliyopita na huku yakaja na meli baada ya Wareno. Muhogo pia ni wa Amerika. Ndo maana kwa kazi hii nasisitiza mtama, ukitaka kushika kitu cha Afrika tangu mwanzo.

Onyo moja la muhimu sana. Ukiwa na mbuzi, au jirani ana mbuzi, wasile mtama mchanga. Majani ya mtama mdogo, na yale yanayochipua baada ya ukame, yana sumu inayoua mnyama haraka. Ziba ua vizuri.

Na ukitaja mbuzi waambie watoto kitu hiki, kwa sababu vitabuni hadithi ya Mashariki ya Kati inasomwa kama ndo ya dunia nzima. Huku kwetu mifugo ilitangulia shamba. Miaka kama 5,000 iliyopita watu wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa wameshafika ziwa Turkana, na pale Lothagam walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe, wakazika watu wasiopungua 580, na hao hawakuwa na shamba wala mji. Walihama na mifugo yao, wakarudi kuzika. Kwa hivo mtu akikwambia ati kabla ya kilimo watu hawakuweza kujenga kitu kikubwa, mpeleke Turkana.

Vyungu pia. Kule Mashariki ya Kati walilima maelfu ya miaka hawana chungu hata kimoja, wakati Afrika kuna watu walifinyanga vyungu zamani kabla hata ya kulima, Mali huko vimepatikana vya miaka zaidi ya 11,000. Kila mahali palikuja na mpangilio wake.

Haya, mtama umeota, umepanda juu ya kichwa cha mtoto, suke limetoka. Sasa ndo kazi. Punje zikiwa bado na maziwa, ukizibonyeza zinatoa ute mweupe, ndege wanajua kabla yako. Hapa pwani wazee walikuwa na neno kabisa, kuamia, yaani kukaa shambani kufukuza ndege, na walijenga dungu, kile kilingo cha miti unachokaa juu ukiwa na teo na kopo la kupiga. Jenga hata kidogo, watoto watakipenda, na wagawe zamu, alfajiri mpaka saa tatu na alasiri mpaka magharibi, hizo ndo saa mbaya. Saa za mchana ndege wanapumzika.

Msimu wangu wa kwanza tulifiwa Malindi, tukaenda siku mbili. Siku mbili tu. Tuliporudi nilifungua mlango wa nyuma nikasikia kimya, hakuna hata ndege mmoja, na masuke yote yamesimama juu yamebaki makapi matupu, mepesi, unayapuliza yanaruka. Binti yangu wa pili alilia kweli kweli, miezi mitatu ya kuchota maji. Nilikaa pale kwenye ngazi nikafikiria watu wa zamani ambao hawakuwa na Kongowea ya kukimbilia. Na hapo nilielewa kukaa mahali pamoja ni kitu gani. Ukishapanda huwezi kuondoka. Msiba uje, harusi ije, lazima mmoja abaki. Tangu hapo nasema kila mtu anayetaka kufanya hii kazi akubaliane kwanza nyumbani nani hatoki wiki za mwisho.

Kuvuna ni mwezi wa saba mwisho au wa nane, watoto wako likizo, vizuri sana. Punje ikiwa ngumu ukiing'ata inalia, na pale chini iliposhikia pana doa jeusi, tayari. Kata suke moja moja na kisu kidogo, au ukitaka kufuata ya kale zaidi tumia kipande cha gumegume kama unacho, mie sikupata, mawe yetu ya matumbawe hayakati. Watu wa Mashariki ya Kati walikuwa wakipanga vipande vya gumegume kwenye mfupa au mti wakapata mundu, na mpaka leo vile vipande vikichimbuliwa vinang'aa ukingoni, mng'ao unaotokana na mabua yaliyokatwa siku nyingi. Kitu kidogo hivo, na kinatuambia watu walikata nyasi za nafaka hata kabla hazijawa za shambani.

Sasa kaa na watoto mfanye hesabu, na hapa naomba muende polepole. Sisi kipande chetu kilitoa kilo mbili za mtama safi. Karibu miezi minne, watu sita, kilo mbili. Mtu mmoja akila nusu kilo kwa siku, kwa mwaka ni kilo 182, kwa hivo anahitaji vipande 91 kama chetu, yaani robo ekari na kidogo, na nyumba ya watu sita ni zaidi ya ekari moja na nusu, yote na kijiti. Watoto wataona ukubwa wake wakiangalia kile kipande.

Alafu waeleze hii. Kuna mtaalamu wa mimea wa Marekani, Jack Harlan, miaka ya 1960 alienda mashariki ya Uturuki penye ngano mwitu inayoota yenyewe mlimani, akavuna na mundu wa gumegume aone itakuwaje. Kwa saa moja alipata karibu kilo moja ya nafaka safi. Saa moja! Sisi kilo mbili miezi minne. Akakadiria ati nyumba moja ikivuna wiki tatu hivi, wakati ngano imekauka mlimani, inapata nafaka kuliko inayoweza kula mwaka mzima, bila kulima chochote.

Waulize watoto: sasa kwa nini mtu alime? Waache wabishane. Wangu walibishana mpaka isha. Mkubwa akasema labda ngano ya mlimani iliisha. Mwingine akasema labda watu walizidi. Yule mdogo akauliza, na hizo ngano za mwaka mzima walizibeba vipi? Subhanallah, mtoto wa miaka saba, na hapo ndo penyewe. Hawakuzibeba. Ukiwa na chakula cha mwaka kwenye ghala huwezi kukitia begani ukahama, unakaa nacho. Na ushahidi uko: pale Dhra', Jordan, zimechimbuliwa ghala za miaka kama 11,300, sakafu zimeinuliwa juu ya mawe hewa ipite na panya wasifike, na shayiri yao ilikuwa bado ya mwitu. Ghala zilikuwepo kabla nafaka haijawa ya nyumbani. Hata panya wanatuambia. Wale panya wadogo wa nyumbani mifupa yao imeonekana kwenye makazi ya watu pale Ain Mallaha, kaskazini ya Israeli, miaka kama 15,000 nyuma, maelfu ya miaka kabla ya kilimo, kwa sababu watu walishaanza kukaa na kuweka chakula. Panya hafuati mtu anayehama kila wiki.

Turudi kwenye kazi. Anika masuke juani siku tatu, yatie kwenye gunia, pura na fimbo. Msiipige kwa hasira, punje zinavunjika. Kisha ungo, na upepo wa kusi unasaidia sana miezi hio, simameni upande ambao makapi yanaenda mbali na nguo za jirani. Kupepeta sikufundishi kwa maandishi, tafuta mama au nyanya anayejua ashike mikono ya mtoto, ule mrusho na ile njia ya kurudisha ungo kifuani haielezeki.

Makapi usitupe. Chukua udongo wa mfinyanzi, changanya na makapi, finyangeni vibakuli, vikaushe kivulini kisha mvichome kwa moto wa kuni au vifuu. Vikipoa vunja kimoja, angalia kwenye mvunjiko. Utaona vitundu vidogo vyenye umbo la ganda la mtama kabisa, makapi yameungua yakaacha alama yake. Hivo ndo walivyojua mtama wa Sudan, pale Butana karibu na Kassala. Hawakupata shamba wala gunia, walipata vigae vya vyungu vya miaka zaidi ya 5,000 vyenye alama za makapi ndani, na kwenye zile alama unaona mingine ni ya kumwaga kama ya mwitu na mingine vile vishikizo vimechanika kwa kupurwa. Yaani mmea ulikuwa katikati ya safari yake, na mfinyanzi fulani akaupigia muhuri bila kujua. Binti yangu ameweka kigae chake kwenye sanduku la vitabu mpaka leo.

Sasa mawe. La chini liwe bapa, kubwa kama sinia ya kaimati, la juu likae kwenye viganja viwili. Matumbawe usijaribu, yanatoa unga wa chokaa. Yale mawe bapa ya Mazeras wanayotandika nje ya nyumba yanafaa, chagua gumu lisilochubuka ukilikwaruza. Au pita kwa mafundi wa graniti uombe kipande kilichobaki, ukiparuze uso na nyundo kiwe na meno. Osha, saga mchele mkono mmoja kwanza uutupe, hio inaondoa mchanga.

Piga magoti nyuma ya jiwe, vidole vya miguu vimekunjwa chini yako, sukuma kwa uzito wa mwili, rudisha, sukuma. Mie nilisaga saa nzima kwa saa ya simu nikapata unga kikombe kimoja na nusu, mzito, na vidole gumba vya miguu vinawaka moto. Watoto wapokezane dakika tano tano. Na wakilalamika, hapo ndo wakati wa kuwaeleza kuhusu Abu Hureyra, Syria, kijiji ambacho watu walikaa wakiwinda na kuokota na baadae wakalima. Mifupa yao ilipochunguzwa ilionekana vidole vikubwa vya miguu vimeharibika, magoti na mgongo wa chini vimechakaa, wengi wao wanawake, kwa sababu ya kupiga magoti kusaga kila siku ya maisha yao. Meno nayo yamelika kwa mchanga wa mawe ulioingia kwenye chakula. Nikiwa pale chini na magoti yangu niliwahisi kabisa wale wanawake kama dada zangu. Hatuna jina la hata mmoja, na unga wote wa mwanzo umepita mikononi mwao.

Chunga unga kwa kitambaa chepesi ule mchanga ubaki. Kisha pika. Uji ndo rahisi, lakini kama unaye nyumbani au mtaani mtu anayejua mkate wa mofa, mwombe, huo ndo mwisho mzuri wa hii kazi, mtama wenyewe, tanuri la udongo, moto wa kuni. Sisi hatuna tanuri, tulikanda unga na maji ya moto na chumvi tukapika juu ya chuma cha chapati kwenye seredani, ukawa mkavu kidogo, tukala na samaki wa kuchoma. Mkate pia umetangulia shamba, kuna vipande vilivyoungua vimepatikana Shubayqa, Jordan, vya miaka 14,400 hivi, wamesaga nafaka za mwitu na viazi vya mimea ya majini wakachoma. Yaani mtu alipiga magoti akasaga miaka karibu 3,000 kabla ya mtu yeyote kule kupanda, kwa hivo alikuwa anautaka mkate kweli.

La mwisho ni mbegu, na ulifanye kabla ya kusaga, nimeliweka huku kwa sababu ndo litakaloleta ugomvi. Siku ya kuvuna, kabla masuke hayajaenda kwenye gunia, zungukeni shambani mchague yale bora: suke lililojaa, bua fupi lisiloanguka, lililoiva pamoja na wenzake. Sisi tulichagua 12. Hayo hayaliwi. Wakati tunasaga na kile kikombe kimoja kinachelewa kujaa, wavulana walianza kuyaangalia yale 12 yaliyoning'inia, "mama si tuyasage tu, tutanunua mengine." Nikakataa. Lakini waulize watoto wako wafikirie mwaka mbaya, mtoto analia njaa, na masuke yananing'inia pale.

Kuyahifadhi nilifundishwa na bibi mmoja wa Kigiriama jirani yetu, watoto wanamwita Hawe. Kwao walikuwa na uchaga juu ya meko, moshi unapanda kila siku na fukusi hawakai. Ukipikia gesi kama sisi, fanya hivi: kausha punje mpaka ziwe ngumu kabisa, changanya na jivu la kuni lililochungwa, jivu liwe nusu na mtama nusu, tia kwenye chupa ya kioo, ziba kwa nta au kitambaa kilichokazwa. Andika tarehe. Kila mwezi itikise uangalie kama kuna vumbi jipya la fukusi, ukiliona mwaga uanike juani upya.

Chupa yetu iko juu ya kabati la jikoni. Hawe alikuja juzi akaishika, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akasema vuli mwaka huu tusiwahi, tungoje mpaka kidole kitoke na ubichi.